Ndege wa majini Nairobi, kutoka Ondiri hadi Sabaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tunaulizwa njiani, kwenye matatu, na majirani wanaotuona tukitoka alfajiri na darubini shingoni. Majibu ni ya mtu ambaye amezunguka vinamasi vya jiji hili kwa miaka kadhaa na bado anavipenda.

Nairobi haina bahari. Ndege wa majini mtawapata wapi?

Jiji lenyewe limepewa jina la maji. Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na mwaka 1899 reli ilipofika hapa ilikuta mahali penye mito midogo na tope. Tumejenga juu ya sehemu kubwa ya tope hilo, lakini maji hayakuhama. Yako Ondiri kule Kikuyu, Manguo kule Limuru, kwenye mabwawa ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na Ruai kwenye madimbwi ya kusafishia majitaka.

Na bahari nayo haiko mbali kama unavyodhani, ukifuata maji badala ya barabara. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri. Unapita katikati ya jiji, unapokea mito ya Mathare na Ngong, kisha unaingia Athi. Athi ukikutana na mto Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia pwani unaitwa Sabaki, unaomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo mwa Malindi. Pale mdomoni kuna mojawapo ya sehemu bora za ndege wa pwani nchini. Kwa hiyo ukisimama Ondiri unatazama mwanzo wa maji, na ukisimama Sabaki unatazama mwisho wake. Ndiyo sababu tumeyaweka maswali ya huku na ya kule pamoja.

Sijawahi kutazama ndege hata siku moja. Nianzie wapi?

Anza Jumatano. Kila Jumatano asubuhi kuna matembezi ya ndege yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, saa mbili na nusu, chini ya shirika la uhifadhi la Nature Kenya. Yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, na tangu wakati huo yamewafunza watu wengi sana, wakiwemo baadhi ya waongozaji stadi wa safari nchini. Huhitaji kujua chochote. Utatembea na wazee waliostaafu, wanafunzi wa chuo, na mara nyingine mgeni aliyeshuka ndege jana usiku. Mtu akiona kitu anakionyesha, na hakuna anayekucheka ukiuliza yule mweusi ni nani.

Kama Jumatano uko kazini, nenda bustani ya Michuki, karibu na makumbusho, mto Nairobi unapopita. Kaa kwenye benchi kwa saa moja. Sitisha simu. Utashangaa.

Ondiri kuna nini hasa, na nitafikaje?

Panda matatu ya Kikuyu, ushuke mjini, kisha utembee kidogo au uchukue bodaboda. Kila mtu pale anajua Ondiri.

Kinachoonekana kama malisho ya kijani si malisho. Ni mimea iliyosukana mizizi na kuelea juu ya maji. Ukikanyaga inatikisika kama godoro, na ukiendelea unaweza kuzama. Mara ya kwanza nilipokwenda, nilikuwa nimeanza kuteremka nimfuate ndege mmoja kwenye matete, na mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe akaniita kwa sauti: "Kijana, hapo si chini. Rudi." Nilirudi. Alinieleza kwamba watoto wa pale hufundishwa mpaka wa kukanyaga kabla hawajafundishwa kuhesabu. Basi baki kwenye ukingo, na ukiwa na shaka uliza wenyeji.

Ukingoni ndiko kuzuri hata hivyo. Tafuta kwanza sile-maua, ndege wa rangi ya kahawia iliyoiva, mwenye kipaji cha samawati na vidole virefu kupita kiasi. Vidole hivyo ndivyo vinavyomwezesha kutembea juu ya majani ya maji bila kuzama, yale yale ambayo wewe huwezi kuyakanyaga. Na kuna jambo lingine kwake: dume ndiye anayeatamia mayai na kulea vifaranga. Jike hutaga na kwenda zake kwa dume mwingine. Nimewahi kumwona baba akitembea na miguu mingi midogo ikining'inia chini ya mabawa yake. Alikuwa amewabeba wanawe.

Utakuta pia kukuziwa, bata wa aina mbili tatu, mdiria akiwa ameganda juu ya tete, na korongo taji ukijaliwa. Huyu wa mwisho nitamrudia.

Na Manguo?

Manguo liko Limuru, kando kabisa ya barabara kuu ya kwenda Nakuru. Kina chake hubadilika na mvua: mwaka mmoja ni ziwa, mwaka mwingine ng'ombe wanalisha katikati. Likiwa na maji ni mahali pa bata na vibisi. Kibisi ni mdogo kuliko ngumi mbili, hupiga mbizi ukidhani amezama, kisha akaibukia kwingine kabisa. Wakati wa vifaranga huwabeba mgongoni. Vaa sweta, Limuru haina huruma asubuhi.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi si ya simba?

Ni ya simba, na ya ndege zaidi. Ina kilomita mraba 117, ilitangazwa mwaka 1946 ikiwa ya kwanza nchini, na aina za ndege zilizoandikwa humo zimezidi 400. Watu hukimbiza simba hadi saa tano, wakarudi wakilalamika kuwa hawakuona kitu, ilhali wamepita Hyena Dam mara mbili bila kusimama.

Ushauri wangu ni huu: ingia lango linapofunguliwa saa kumi na mbili, nenda moja kwa moja bwawani, zima injini, na ukae saa nzima. Gari ndilo maficho yako. Ndege hawaliogopi kama wanavyomwogopa mtu kwa miguu. Yangeyange watakuwa wamesimama kwenye maji ya kifundo. Ndege aitwaye mbizi atakuwa juu ya mti mkavu, mabawa ameyatandaza kama shati kwenye kamba, kwa sababu manyoya yake hulowa maji naye lazima ayakaushe. Ndege waitwao kiluwiluwi watapiga kelele zao za nyundo juu ya chuma. Mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe atasimama hewani palepale, akipigapiga mabawa, kisha atajitupa majini kichwa mbele.

Malipo ya kiingilio hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kabla ya kufika langoni, hawapokei fedha taslimu. Kama huna gari, ungana na wenzako wanne watano mkodishe moja. Inawezekana kabisa.

Ruai? Kweli mnakwenda kutazama ndege kwenye majitaka?

Kweli, na tunakwenda kwa hamu. Madimbwi ya Ruai, ambayo wengi huyaita ya Dandora, ndiyo yanayosafisha sehemu kubwa ya majitaka ya jiji. Yamewekwa kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini. Sababu yake ni rahisi: maji yamejaa rutuba, rutuba huotesha mwani, mwani hulisha vibuu vya wadudu, na vibuu hulisha ndege. Jua hufanya kazi yake, maji hutulia, na hakuna mitumbwi wala wavuvi wengi wa kuwafukuza.

Miezi ya ndege wageni kutoka kaskazini, kingo za madimbwi hujaa chamchanga. Mdogo wao zaidi ana uzito usiofika gramu 50, na amezaliwa kwenye tundra ya kaskazini ya mbali, karibu na Bahari ya Aktiki. Amevuka mabara mawili ili ale vibuu vya Ruai. Kila ninapomwona, nafikiri juu ya mtu wa Nairobi anayelalamikia foleni ya Kangundo Road, na mimi nimo.

Hapa si bustani ya umma. Ni lazima upate ruhusa ya wenye mitambo kabla ya kwenda, na ni vizuri zaidi ukienda na kikundi. Harufu ipo, lakini utaizoea upesi kuliko unavyofikiri.

Bwawa la Nairobi, karibu na Kibera, bado lina ndege?

Wapo wachache. Bwawa lilijengwa mwaka 1953, na wapo wazee wanaokumbuka watu wakiendesha mashua za tanga pale. Leo limejaa tope, taka na magugu maji. Mimi hulipita polepole kila mara, kwa sababu sijaacha kutumaini.

Mwezi gani ni mzuri?

Wageni kutoka Ulaya na Asia huanza kufika Septemba na Oktoba, na huondoka Machi na Aprili. Kwa hiyo Novemba hadi Februari ndiyo miezi yenye aina nyingi zaidi. Januari hufanyika hesabu ya ndege wa majini katika maziwa na mabwawa ya nchi, na wanaojitolea hukaribishwa. Mimi nilijifunza zaidi katika hesabu moja kuliko katika mwaka mzima wa kutazama peke yangu, kwa sababu mtu anayehesabu hawezi kumpita ndege bila kumtaja jina.

Lakini usiidharau miezi ya mvua ndefu, Machi hadi Mei. Ndege wenyeji ndipo wanapovaa manyoya ya harusi. Kwera dume huwa mwekundu au manjano ya kung'aa, na mnana husuka viota juu ya maji wakigombana kutwa.

Saa ngapi?

Alfajiri hadi saa nne asubuhi. Ukikosa, saa kumi jioni hadi magharibi.

Ninahitaji vifaa gani?

Darubini moja, daftari, kalamu, maji ya kunywa, kofia, viatu vya kukanyaga tope.

Kuhusu darubini, tafuta iliyoandikwa 8x42. Nambari ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wauzaji watakusukumia yenye kukuza mara ishirini, nawe utadhani umepata bahati. Usinunue. Inavyokuza ndege ndivyo inavyokuza kutetemeka kwa mkono wako, na hutaona chochote. Kama bajeti ni ndogo, azima ya mwenzako kwanza. Kwenye matembezi ya Jumatano watu hupeana.

Kamera si lazima. Tena kwa anayeanza huwa kizuizi, kwa sababu anatafuta picha badala ya kumtazama ndege anavyotembea, na mwendo ndio unaomtambulisha.

Je, ndege hawa wana majina ya Kiswahili? Vitabu vyote naona ni vya Kiingereza.

Wanayo, na ni mazuri ajabu. Swali hili nalipenda kuliko yote.

Watu wa pwani waliishi na ndege hawa kabla ya vitabu. Furukombe ni yule tai mwenye kichwa cheupe anayevua samaki. Mwari ana mfuko chini ya mdomo. Domomwiko jina lake limemaliza maelezo: mdomo wake ni mwiko wa kusongea ugali. Mnandi ni mweusi, hupiga mbizi. Heroe ni yule wa waridi mwenye miguu mirefu. Sululu ana mdomo mrefu uliopinda chini, kwarara vilevile lakini ni mnene zaidi, na yule kwarara anayetuamsha Nairobi kwa kelele akipita juu ya mabati kila mtu anamjua hata kama hajui jina lake. Fundichuma hujenga kiota kikubwa cha vijiti na takataka, chenye paa, ambacho kinaweza kumbeba mtu.

Zipo aina ambazo Kiswahili kina jina moja kwa jamaa nzima, kama chamchanga, na hapo utaongeza sifa: chamchanga mwenye madoa, chamchanga mdomo-mpinde. Fanya hivyo bila woga. Na uwaulize wazee wa kwenu. Kikuyu, Kikamba, Kidholuo, kila lugha ina jina na mara nyingi jina linabeba sauti ya ndege mwenyewe. Yaandike kwenye daftari lako kabla wenye kuyajua hawajaondoka.

Wale ndege wakubwa wenye upara kwenye miti ya Mombasa Road ni akina nani?

Ni kongoti. Wamekuwa wakitaga kwenye migunga ya karibu na uwanja wa Nyayo kwa miaka mingi, na hula takataka za jalala la Dandora na mabaki ya machinjio. Upara wao una kazi: anayeingiza kichwa ndani ya mzoga akiwa na manyoya hatasafishika. Miguu inayoonekana myeupe kwa kweli ni ya kijivu cha giza. Hujinyea ili unyevu ukikauka upoze damu. Watu huwaona wachafu. Mimi nawaona kama wafanyakazi wa usafi wanaofika kazini bila kuitwa.

Korongo taji anatoweka kweli?

Ndiyo. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika kundi la walio hatarini kutoweka duniani. Hujenga kiota ndani ya kinamasi, hivyo kinamasi kikikaushwa ili kupandwa sukumawiki, hana pa kutagia. Huchukuliwa mayai na vifaranga vikauzwe kufugwa, na wengine hufa wakigonga nyaya za umeme. Ukiona wawili wakicheza, wakirukaruka na kuinamiana, usiwakaribie. Ukiona kiota, usitangaze mahali kilipo hata kwa rafiki, na usikipige picha ukaiweka mtandaoni.

Ukiona mtu anawauza, jua kwamba ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Piga ripoti kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori.

Ni salama?

Kwa sehemu kubwa, ukienda na wenzako. Usiende peke yako kwenye kingo za mito mijini, usivae vitu vya thamani, na mwambie mtu nyumbani unakokwenda. Ndani ya mbuga usishuke kwenye gari isipokuwa palipoandikwa ruhusa. Kwenye mabwawa yenye viboko, mbali ndiyo karibu ya kutosha.

Kuna adabu gani?

Nguo za rangi tulivu, sauti ya chini, hatua za polepole. Usicheze sauti ya ndege iliyorekodiwa kwenye simu ili umvute: dume husikia adui ameingia shambani kwake, huacha kiota na kuja kupigana na simu yako. Omba ruhusa ukipita shamba la mtu. Salimia kwanza, darubini baadaye. Mtu akikuuliza unatafuta nini, mpe darubini atazame.

Nataka kufuata maji hadi pwani. Nitafanyaje?

Panda treni ya SGR hadi Mombasa, kisha matatu ya Malindi. Kutoka Malindi mdomo wa Sabaki uko kilomita chache tu kaskazini, na utajua umefika kwa rangi ya maji. Mto hushuka mwekundu kwa udongo, na baada ya mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ndani ya rangi hiyo umo udongo wa mashamba yetu ya bara. Na zimo chupa zetu pia. Nilipoona mfuniko wa chupa kwenye mchanga wa Sabaki, katikati ya nyayo za sululu, sikuweza kujiambia kwamba umetoka kwingine.

Ndege wenyewe ni wengi mno. Buabua na shakwe hupumzika kwa maelfu kwenye matuta ya mchanga, heroe huja na kuondoka, na katikati ya mwaka hupita ndege mdogo mwenye mabawa ya mbayuwayu anayetoka Madagaska, ambaye idadi yake duniani inapungua.

Kusini kidogo, Watamu, kuna hori la Mida, pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Pale muulize mvuvi kuhusu maji kabla hujauliza kuhusu ndege. Maji yakipwa, tope huwa pana na ndege hutawanyika mbali, vidoa tu. Maji yanapoanza kujaa husukumwa polepole kuja ukingoni, na ndipo unapowaona vizuri. Siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4, na maji huja haraka. Tafuta ndege mla-kaa, mweupe na mweusi, mdomo mnene kama kisu cha mchinjaji. Hutaga ndani ya mashimo ya mchanga kwenye pwani za Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, jambo ambalo jamaa zake wa ufukweni hawafanyi, na huja kwetu baada ya kulea.

Orodha zangu zina faida kwa yeyote?

Zina faida. Ziweke kwenye eBird au Kenya Bird Map, mitandao inayokusanya orodha za watazamaji wa ndege. Tarehe, mahali, aina, idadi. Hata siku uliyoona ndege watano wa kawaida, iandike, kwa kuwa siku wakipungua hakuna atakayejua kama hakuna aliyeandika walipokuwa wengi.

Nimeona ndege mwenye pete mguuni. Nifanye nini?

Usimkamate. Tazama pete kwa darubini, andika rangi, herufi na nambari, mguu gani, saa na mahali, kisha peleka taarifa kwenye kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa. Pete nyingine hufungwa hapa hapa nchini: kule Ngulia, Tsavo Magharibi, ndege wanaohama usiku wamekuwa wakivishwa pete tangu mwaka 1969, katika usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba wanapovutwa na taa. Yule unayemwona Ondiri akinywa maji anaweza kuwa alipita mikononi mwa watu hao.